Nilichokiweka Juu ya Mkono wa Ayi Lan

Atupele,

Sikuulizi hali. Tunaishi nyumba moja, na asubuhi hii nimekusikia ukigombana na zipu ya begi lako. Sasa ni saa nane mchana. Wewe na mama yako mmekwenda soko la nguo la Shisanhang kuchukua magauni yake ya mzigo wa mwisho, nami nimebaki hapa Xiaobei peke yangu, nimefunga dirisha ili nisisikie kelele za wapakiaji wa kago huko chini. Kesho asubuhi unapanda treni kwenda Ningbo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kichina huwa nadanganya kwa urahisi zaidi. Najua unakisoma kwa taabu. Soma polepole.

Mambo ya nguo za baridi, chakula, kanisa la kusali na watu wa kuwakwepa, mama yako ameshayasema na atayasema tena kituoni. Mimi nina jambo moja tu, na nina hasira nalo. Tangu Jumapili nina hasira.

Jumapili tulikuwa mezani baada ya ibada. Ulikuwa unatusimulia mafunzo yako ya mwezi uliopita kule Ningbo, kwenye hiyo kampuni ya kreni za makontena inayokuajiri. Ulisema skrini ya mwendesha kreni ilikuwa inakwamakwama, wahandisi wamehangaika nayo siku mbili, ukaingia wewe kwenye mfumo, ukaipa kazi ya kuchora picha kipaumbele cha juu kabisa, na picha zikatiririka vizuri. Mkuu wako akakupigia makofi mbele ya wenzako. Nikakuuliza ni kazi gani zilizobaki chini. Ukanijibu, "Sijui, Baba. Vitu vidogo vidogo tu." Ukacheka.

Nikapiga meza. Mchuzi ukamwagikia gauni lako la kanisani, nami nikakuita mpumbavu mbele ya mama yako. Tangu siku ile unaniambia shikamoo na ndiyo, basi.

Lile neno nalifuta. Hasira siwezi kuifuta, ila haikuwa yako yote. Sehemu kubwa ni ya mtu mwingine, na mtu huyo anatumia jina langu.

Unamkumbuka Ayi Lan, uliyemwita Ayi, mama mdogo, kama watoto wa hapa wanavyowaita wanawake wa rika la mama zao. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ukitoka shule ulikuwa unakuja mtaa wa Kangle kwenye karakana ya nguo nilikofanya kazi, unapanda hadi ghorofa ya tatu, unakuta amekuwekea uji wa wali ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko. Yeye alikuwa mtandazaji wa vitambaa. Wakati wake wa kupumzika ndio aliokufundishia kuandika, herufi kwa herufi, kwa chaki ya fundi cherehani kwenye mabaki ya kitambaa cheusi. Herufi zako za Kichina ni nzuri kwa sababu yake. Mimi zangu ni mbaya mpaka leo.

Nami nilikuwa nani pale? Nilikuja nchi hii kusoma kompyuta, nikamaliza, na hakuna ofisi iliyotaka mtu kama mimi akae kwenye kiti chake. Nikawa nazunguka Kangle nikitengeneza kompyuta za karakana za nguo. Laobani, ndivyo sote tulivyomwita mwenye karakana, akaniajiri nikae kwake. Karatasi zetu za kuishi hapa, zangu, za mama yako na zako, zilitegemea sahihi yake kila mwaka. Nakwambia hili ulijue, si ili linitetee.

Laobani alikuwa amenunua mashine kuukuu ya kukatia vitambaa kwenye kiwanda kilichofungwa. Ni meza ndefu ya mita nane. Juu yake inatembea boriti ya chuma, na kwenye boriti kuna kisu kinachopanda na kushuka haraka kama sindano ya cherehani. Unatandaza tabaka arobaini za kitambaa, kisu kinapita kama hakuna kitu. Kompyuta yake ya asili ilikuwa imekufa, basi mimi nikaweka nyingine ya zamani, nikaandika programu mpya ya kuiendesha. Ilinichukua miezi miwili. Programu ile ilikuwa na nyuzi mbili, yaani mifuatano miwili ya amri, zilizofanya kazi sambamba. Uzi wa kwanza ulikiongoza kisu. Wa pili ulisoma jicho, yaani kile kifaa kilichofungwa mbele ya boriti kuangalia kama kuna mkono wa mtu njiani. Jicho likiona mkono, kisu kinasimama. Kitufe chekundu cha kusimamisha mashine nacho nilikiunganisha kwenye kompyuta hiyo hiyo, kwenye uzi huo huo wa pili, kwa sababu ilikuwa rahisi. Nililijaribu jicho kwa yale maboksi ya karatasi ngumu, mara hamsini. Mara zote hamsini kisu kilisimama. Nilijivuna sana, mwanangu. Nilimpigia simu bibi yako Tukuyu kumweleza kitu ambacho hakukielewa.

Kisha laobani akaleta kamera. Akafunga sita, zote zikiwatazama wafanyakazi, ili akiwa nyumbani kwake aone kwenye simu nani amekaa. Akataka programu ya kamera iwekwe kwenye kompyuta ile ile ya mashine. Nikamwambia kompyuta ni ya zamani, haitaweza, ninunulie nyingine. Akajibu kwa neno wanalotufukuzia sokoni kila siku: meiyou, hakuna. Nikaziweka.

Kisu kikaanza kukwama katikati ya kitambaa. Kinasita, kinaruka, kinachana. Laobani akapandisha sauti mbele ya watu wote, akauliza nilisoma nini chuoni.

Wewe unayajua haya kuliko mimi, lakini mara hii yasikie kutoka kwangu. Kompyuta ile ilikuwa na prosesa moja, na prosesa moja hufanya jambo moja kwa wakati. Tunaiona kama inafanya kumi kwa sababu mfumo endeshi unagawa zamu, kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ukimpa mmoja kipaumbele cha juu, akija wengine wanampisha. Ukimpa cha juu kabisa, na yeye hajui kupumzika, wa chini hapati zamu. Hafi. Haonyeshi kosa lolote kwenye skrini. Anasubiri tu.

Nilikaa kwenye kompyuta dakika kumi. Nikaupa uzi wa kisu kipaumbele cha juu kabisa ambacho mfumo unaruhusu. Kisu kikatulia, kikakata vizuri kuliko siku ya kwanza. Kesho yake laobani akaja na simu mkononi, picha za kamera zimeganda, anataka kujua kwa nini haoni watu wake. Nikazipandisha na kamera, nikaziweka chini kidogo tu ya kisu. Picha zikarudi. Akanipiga begani, akaniita mwalimu.

Kila aliyelalamika nilimpandisha. Jicho halikulalamika. Lilibaki pale chini nilipoliweka mwanzoni, na kilichobaki baada ya kisu na kamera kula zamu zao kilikuwa karibu na hakuna.

Usifikiri sikuwa na dalili. Kila kisu kilipoanza kukata, mshale wa kipanya uliganda kwenye skrini. Niliuona. Mtu aliyesoma nilichosoma mimi anajua maana yake: kila kilicho chini hakipati zamu. Nilimwambia kijana wa zamu asiguse kipanya mashine ikiwa inakata. Ndilo suluhisho langu. Na yale maboksi sikuyachukua tena. Kujaribu mara moja, mara moja tu, kungenichukua muda wa kunywa chai.

Ilikuwa Alhamisi mchana, wiki ya pili ya zile kamera. Wewe ulikuwa shule. Ayi Lan aliona kitambaa cha juu kimejikunja, akanyoosha mkono kukilaza, kama alivyofanya kila siku, maana kila siku boriti ilikuwa inamsubiri. Safari hii haikusimama. Mwanamke aliyekuwa upande wa pili akapiga kitufe chekundu, akakipiga tena na tena kwa kiganja. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta. Nikabonyeza kibodi. Kibodi nayo ilikuwa inasubiri zamu. Nikaruka meza, nikachomoa waya wa umeme wa mashine ukutani.

Sitakueleza mkono ulivyokuwa.

Nitakueleza skrini. Kisu kilipokosa umeme, uzi wake ukaanguka, na prosesa ikawa huru. Ndipo jicho likapata zamu. Maonyo yote liliyokuwa limeyashika yakamiminika kwenye skrini kwa mpigo, mstari chini ya mstari: mkono mbele ya kisu, mkono mbele ya kisu, mkono mbele ya kisu. Yakafuatiwa na kitufe chekundu, kimebonyezwa, kimebonyezwa, kimebonyezwa. Jicho lilikuwa limeona. Lilimwona Ayi Lan mapema kabisa, kukiwa na muda wa kutosha. Nikazima skrini kwa kidole changu.

Wakamfunga mkono kwa kipande cha pamba kilichokuwa mezani. Alikuwa amesimama, ameegemea ukuta nyuma yangu, hakulia. Laobani akaja mbio kutoka ofisini. Akasimama katikati ya watu wote, akaniuliza mimi, si mwingine, "Ni kosa la mashine au la mtu?"

Atupele, mtu hupata muda mrefu sana kabla ya kujibu swali kama hilo. Niliziona karatasi zetu. Nilikuona wewe na sare yako ya shule. Niliona ndege ya kuturudisha nyumbani mikono mitupu. Sisemi nilichanganyikiwa. Nilikuwa na akili zangu zote.

Nikasema, "La mtu."

Vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Mtandazaji wa vitambaa asiye na vidole vitatu hana kazi Kangle. Kwa kuwa kosa lilikuwa la mtu, karakana haikuona kwamba ina wajibu kwake. Alirudi kwao mkoani Hubei kabla bandeji haijatolewa. Mama yako alikwenda kumwona hospitali mara nne. Mimi sikwenda. Mama yako aliporudi mara ya nne alisimama mlangoni, akaniambia, "Ananiuliza kama wewe hujambo," akaingia jikoni. Hajawahi kuniuliza kilichotokea. Nadhani anajua, na nadhani hilo ndilo linalomfanya anyamaze ghafla nikiwa naimba kwaya.

Jumatatu yake nilirekebisha mashine. Jicho nikalipa nafasi ya kwanza kabisa, kwa sababu kazi yake ni fupi, linaangalia na kuachia. Uzi wa kisu nikaufundisha kupumzika kila baada ya hatua. Kamera nikaziteremsha chini kabisa. Kitufe chekundu nikakitoa kwenye kompyuta, nikakiunganisha moja kwa moja kwenye umeme, ili kikibonyezwa kisimwombe mtu zamu. Asubuhi moja, Atupele. Iliisha kabla ya chakula cha mchana. Kisu hakikukwama hata mara moja. Kamera ziliruka kidogo, laobani hakugundua.

Nina hasira na asubuhi hiyo kuliko na siku ile yenyewe. Nilikuwa naweza. Nilijua jinsi ya kufanya, nilikuwa na vifaa, nilikuwa na muda. Nilikosa tu mtu wa kunipigia kelele kwa ajili ya mkono wa Ayi Lan, kama alivyokuwepo wa kunipigia kelele kwa ajili ya kitambaa.

Nina hasira na laobani pia, usidhani nimemsamehe. Alitaka kuona nani amekaa, na kutaka kwake kukapita mbele ya kila kitu. Lakini yeye hakujua kipaumbele cha prosesa ni nini. Hakuujua hata mlango wa kuingilia pale. Mimi ndiye niliyeingia nikazipanga zile kazi kwa mkono wangu, moja juu ya nyingine, nikahifadhi, nikafunga.

Sasa nafika kwenye sehemu yako. Jioni ile ulitoka shule ukakuta hayupo. Ukaniuliza tukiwa kwenye metro, Ayi yuko wapi. Nikakwambia ameumia kwa sababu hakuwa makini. Ulikuwa mtoto, ukaamini. Baadaye, ukiwa na miaka kumi na minne, mama yako alikuonya kuhusu kisu cha jikoni, ukamjibu, "Usiogope Mama, mimi si mzembe kama Ayi Lan." Nilikuwa nimekaa pale pale na gazeti. Ningeweza kusema. Niligeuza ukurasa.

Kwa hiyo unaposema vitu vidogo vidogo, huwa sisikii sauti yako. Nasikia yangu, na nasikia jinsi nilivyokulea ukiwa na picha mbaya ya mtu mwema. Nilikufundisha kompyuta mwenyewe, kwenye meza hii ninayoandikia. Nilikuonyesha jinsi mfumo unavyogawa zamu, jinsi ya kupandisha kazi na kuiteremsha, na ulipoelewa nilikupa pipi. Nilikufundisha mkono wa kupandisha. Kilichonitokea nilipopandisha sikukufundisha, kwa sababu kufundisha hilo kungenilazimu kumtaja Ayi Lan.

Kreni ya kontena inanyanyua tani nyingi juu ya vichwa vya watu wanaotembea chini wakiwaza watoto wao. Ndani ya mfumo wake kuna nyuzi nyingi kuliko zangu mbili. Kuna anayechora picha, kuna anayepima upepo, kuna anayesikiliza kama mtu amepita chini. Picha ikikwama, mwendeshaji anapiga kelele na mkuu wako anakuja. Anayesikiliza akikosa zamu, hakuna anayekuja. Sijui kama wewe kule ulimgusa. Labda mashine zenu ni bora, zina prosesa nyingi, na vifaa vyake vya usalama viko kwenye waya wao wenyewe mbali na programu. Naomba iwe hivyo. Lakini nilikuuliza na hukujua, na ulipigiwa makofi ukiwa hujui. Kabla hujapandisha kitu, jua nani atakosa zamu, na yeye akikosa, nani ataumia. Ukishapandisha, jaribu upya kila kilichobaki chini, hata kama wamekwisha kukupongeza, na hasa wakiwa wamekwisha kukupongeza. Ukifika Ningbo, Jumatatu ya kwanza ya kazi, rudi kwenye ile skrini uliyoitengeneza ukaangalie. Watasema unajichelewesha. Waache waseme.

Bado nina jambo moja, nalo sikulipanga.

Jumanne, wewe ukiwa umekwenda kuaga wenzako, nilimwomba mama yako namba ya Ayi Lan. Sikujua kama anayo. Akaitoa bila kutafuta. Kumbe miaka yote hii humtumia salamu za mwaka mpya, na picha zako. Nikapiga simu ya video. Amezeeka kidogo, ana kibanda cha kuuza supu ya tambi karibu na stendi ya mabasi, alikuwa amesimamisha simu kwenye rafu huku akikata vitunguu. Anashikilia kitunguu kwa vidole viwili na kiganja. Anakata haraka.

Nilimweleza yote, kama nilivyokueleza wewe, kwa Kichina changu kibaya. Kamera, kipaumbele, jicho, skrini. Nilipotamka neno nililomjibu laobani, yeye alikuwa bado anakata. Kisha akaweka kisu chini.

Akasema, "Nilijua siku ile ile. Nilikuwa nyuma yako. Mimi sijui kompyuta, lakini nilikuona ukizima skrini."

Nikamwomba msamaha. Akasema amesikia. Akasema hakuhitaji niseme leo. Alihitaji niseme pale, watu wakiwa wamesimama, angali ana kazi ya kupigania. Hakuinua sauti. Nilitamani ainue. Ningejua la kufanya na kelele.

Kwa hiyo ukikosea, mwanangu, na utakosea, sema pale pale. Usisubiri kupata maneno mazuri. Mimi nimeyapata, haya hapa, kurasa nzima, na hayamrudishii kidole hata kimoja.

Kabla hajakata simu aliuliza habari zako. Nikamwambia umekuwa mhandisi, unakwenda Ningbo. Akauliza kama bado unaandika vizuri. Nikasema ndiyo. Akatabasamu, lakini alikuwa anatazama pembeni. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Amesema wewe unaweza kumpigia wakati wowote.

Kuhusu mimi kumpigia tena, hakusema kitu.

Baba yako